UZI MAALUMU: Mavazi ya kwenda hifadhini. Kaki inasifiwa mno, baridi ya alfajiri haisemwi

Pama la Kaki

Wakuu, salaam. Juni mpaka Oktoba ndio watu wanafurika hifadhini, na maswali huwa ni yaleyale: lazima nivae kaki? Jinzi inafaa? Nibebe sweta wakati ni Afrika? Naanza na ya msingi, wajuzi mtaongezea na kukosoa.

Tuanze na kaki yenyewe. Neno limetoka kwenye "khak" la Kiajemi, maana yake vumbi, na sifa yake kubwa ndiyo hiyo: vumbi likikaa juu yake halionekani. Ukiwa ndani ya gari, mnyama halioni shati lako peke yake. Anaona kitu kimoja kikubwa, gari zima na watu wake, kwa hiyo shati la njano halitamkimbiza simba aliyelala mita kumi kutoka kwenye tairi. Kinachomshtua ni sauti, na mtu anayejitokeza ghafla nje ya umbo la gari. Rangi inakuwa na uzito unaposhuka na kutembea kwa miguu. Hapo nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaonekana kutoka mbali hata kwenye kivuli. Vaa ya udongo, ya majani makavu, kijani kilichofifia au kijivu.

Sasa baridi. Watu wanapanga nguo kwa kutazama picha za mchana. Gari linatoka saa kumi na mbili asubuhi, paa limefunguliwa, na linakwenda kilomita 40 kwa saa. Hewa ikiwa nyuzi 10, kwa upepo wa mwendo huo mwili unaisikia kama nyuzi 6 hivi. Halafu kuna mwinuko. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Ziwa Manyara liko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Safari ya gari ya asubuhi moja tu, na umepoteza nyuzi nane au tisa kabla hujahesabu ukungu. Mwezi wa saba pale ukingoni, mtu mwenye fulana na kikoi anaishia kujifunika shuka la dereva.

Dawa yake ni kuvaa tabaka, koti moja zito halisaidii. Chini fulana nyepesi, juu yake shati la mikono mirefu, kisha sweta la flisi, kisha jaketi jembamba la kuzuia upepo. Saa tatu unavua jaketi, saa nne sweta, saa tano umebaki na shati. Koti zito ukishalivua halina pa kukaa ndani ya gari lenye watu sita na kamera zao. Ongeza kofia ya sufu na glovu nyepesi kwa Ngorongoro, na kwa yeyote anayekwenda kusini mwa Afrika kati ya Juni na Agosti. Kule magari mengi hayana hata vioo vya pembeni, na usiku wa Kruger au Hwange unaweza kukaribia sifuri.

Mikumi, Saadani na Nyerere ziko chini, hizo joto lake ni jingine. Sweta moja jepesi la asubuhi linatosha.

Kapelo

Asante mkuu kwa darasa. Swali dogo: jinzi ya bluu iliyokoza na fulana nyeusi, ndizo nguo ambazo kila mtu anazo kabatini. Kuna ubaya gani?

Ndorobo Hanikosi

Kapelo, hapo umegusa penyewe. Ubaya upo na una mabawa.

Mbung'o, wengine tunawaita ndorobo, wanavutwa na bluu na nyeusi. Mkipita Tarangire, Ruaha, Nyerere au upande wa magharibi wa Serengeti mtaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti. Ile ni mitego. Kitambaa kimetiwa dawa, mbung'o anakifuata akidhani ni mnyama, anatua, anakufa. Ukivaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi umekuwa mtego usio na dawa.

Mambo ambayo watu hukosea kuhusu mbung'o:

Kitambaa chepesi hakimzuii. Mdomo wake unapenya shati jembamba lililobana mgongoni. Kinachosaidia ni kitambaa cha uzito wa kati, mfano kadeti ya kawaida, tena kilicholegea ili kuwe na nafasi kati ya nguo na ngozi. Suruali ya kubana inakuumiza mara mbili, kwa joto na kwa kuumwa.

Dawa za kupaka za mbu haziwasumbui sana. Zipake kwa ajili ya mbu, usizitegemee kwa mbung'o. Vivyo hivyo nguo zilizotiwa permethrini, ile dawa ya kuua wadudu: kwa mbu na kupe zinafanya kazi vizuri, kwa mbung'o msaada wake ni mdogo.

Wanafuata kitu kinachokwenda. Gari na vumbi lake linawaita, ndiyo maana unawaona wanakimbizana nalo kisha wanaingia dirishani. Kwenye vichaka vyenye mbung'o funga vioo, teremsha paa, vaa mikono mirefu na soksi, mkitoka uwandani fungueni tena. Aliyevaa kaptula ndiye atakayejua kwamba mbung'o hupenda pia kukaa chini ya kiti.

Sindano na Uzi

Niongeze upande wa kitambaa, maana watu wanaangalia rangi na kusahau nguo imefumwa na nini.

Pamba tupu ni tamu mwilini kwenye joto kavu, ila ikilowa jasho au mvua haikauki upesi, na pamba mbichi alfajiri ni baridi mara mbili. Jinzi ni pamba nzito: usiku mzima kwenye kamba inaweza isikauke, na ikiloa inalemea. Poliesta tupu inakauka haraka lakini inashika harufu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta, au nailoni nyepesi iliyofumwa vizuri, ndio unaokaa vizuri kwa shati na suruali. Kitani ni kizuri kwa joto, kinakunjamana tu, na porini hakuna anayekutazama mikunjo. Soksi chagua zenye sufu, hata zikiloa zinabaki na joto na hazinuki upesi.

Jua nalo. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba inazuia miale ya jua kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ikilowa inazuia kidogo zaidi. Nguo yenye alama ya UPF 50 inapitisha sehemu moja tu kati ya hamsini ya miale hiyo. Huna nguo yenye alama? Inyanyue uitazame kwenye mwanga. Ukiuona mkono wako vizuri upande wa pili, jua nalo linauona.

Huhitaji duka la nguo za safari. Mitumba ina kila kitu ukijua kuchagua. Kwenye suruali, vuta zipu zote mara tatu, kisha geuza ndani utazame mshono wa katikati ya miguu, maana ndio unaopasuka mtu anapopanda kwenye gari refu. Chuchumaa nayo kabla ya kulipa. Mfuko wenye zipu au kifungo ni bora kuliko ulio wazi. Barabara za makorongo hutoa simu mfukoni bila kuomba ruhusa. Suruali ile inayokatika magotini kwa zipu ni nzuri, lakini pima zipu yenyewe inakaa wapi. Ikikaa juu kabisa ya goti, ukikaa saa sita kwenye kiti itakuchuna.

Epuka jaketi la nailoni ngumu linalochakacha kila ukigeuka, na mifuko inayofungwa kwa velkro, ile inayopiga kelele ukiibandua. Kwenye ukimya wa kumtazama chui, mtu mmoja akifungua mfuko wa hivyo gari zima linamgeukia. Chui pia.

Kapelo

Mitumba mkuu umenikumbusha. Kuna zile kombati za mabaka, imara, mifuko kibao, rangi ya porini kabisa. Si ndiyo jibu?

Pama la Kaki

Hapana, ziache hapo hapo. Nguo za mabaka ya kijeshi ni kosa kwa raia Uganda, Zambia, Zimbabwe na Botswana, na haijalishi wewe ni mtalii au umeinunua mnadani. Hapa kwetu, Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Na hifadhini ndimo mahali pabaya zaidi pa kuonekana umevaa kombati, kwa sababu mle kuna askari wenye silaha wanaosaka majangili. Begi na kofia ya mabaka ziko kwenye kundi hilohilo.

Bi Mitandio

Wakuu mmezungumza vizuri ila mmesahau nusu ya abiria.

Kwa dada zangu, jambo la kwanza ni sidiria ya michezo. Barabara ya vumbi yenye mabati, ile ya mikunjo midogo midogo, inatikisa gari kwa saa nyingi mfululizo, na sidiria ya kawaida yenye waya itakuachia vidonda chini ya titi. Bebeni mbili ili moja ikauke.

Pili, gauni na sketi. Zinaruhusiwa, hakuna anayekataza, lakini utapanda ngazi ya gari iliyo juu ya goti na utasimama juu ya kiti paa likifunguliwa, upepo ukivuma kutoka mbele. Sketi iwe pana, ifike chini ya goti, na ndani vaa taitsi au suruali nyepesi.

Anayevaa baibui: jeusi linavuta joto na mbung'o kwa pamoja. Badilisha kwa siku hizo uvae dera au gauni pana la rangi ya udongo juu ya suruali. Mtandio uwe wa pamba nyepesi, ufunge kwa pini zilizofichwa chini ya kidevu, maana hariri na kitambaa cha kuteleza vitaondoka na upepo. Na mtandio huohuo unaziba pua vumbi linapopanda. Wanaokwenda Amboseli msiupuuze ushauri huu, vumbi lake ni laini kama unga na linaingia kila mahali.

Tatu, bebeni kanga mbili, ni jozi moja tu. Kanga ni shuka la baridi, pazia la dirisha jua linapochoma upande mmoja, mto wa kichwa, na ngao ya heshima wakati wa kuchimba dawa. Kuchimba dawa kwenyewe dereva ndiye anayechagua mahali, usishuke kwa hiari yako nyuma ya kichaka. Hapo ndipo suruali yenye kiuno cha mpira inapoishinda yenye mkanda na vifungo vinne.

Watoto: kofia iwe na kamba ya kidevu, soksi ndefu, na seti moja ya nguo zaidi ya idadi ya siku.

Landkruza Mkweche

Kuhusu vichwani. Kapelo (kofia, si mchangiaji) inaacha masikio na shingo juani. Pama lenye ukingo wa sentimita saba au zaidi pande zote ndilo linalofunika. Lakini ukingo mpana bila kamba ni sadaka kwa upepo, na kofia ikiruka hifadhini huruhusiwi kushuka kuifuata. Kamba ya kiatu na matundu mawili yaliyotobolewa pembeni vinatosha. Ukisimama paani gari likiwa mwendoni, hata pama lenye kamba livue, jifunge kitambaa.

Miguuni watu wanatumia pesa bure. Kwa safari ya gari tu, raba zilizofunikwa zinatosha kabisa. Buti ni kwa wanaotembea, na buti jipya lisivaliwe kwa mara ya kwanza porini: livae nyumbani wiki mbili, saa chache kila siku, na soksi zilezile utakazotumia. Soli nyembamba ya raba haizuii mwiba wa mgunga, ule mrefu mweupe hupenya moja kwa moja. Kandambili ziwe za kambini, na usiku tembea umevaa kiatu kilichofungwa, na tochi mkononi. Asubuhi kung'uta kiatu kabla hujaingiza mguu, nge anapenda pahali pa giza na joto.

Miwani ya jua iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya jua inayodhuru macho. Wenye lenzi za machoni wabebe miwani ya kawaida, vumbi likiingia chini ya lenzi siku imeharibika.

Mdau wa Kreta

Napingana kidogo na mleta mada. Kama rangi haina maana, mbona waongozaji wengi wanakataza nyekundu? Na Wamasai mbona wanavaa shuka jekundu na wanaishi na hao hao simba?

Pama la Kaki

Hoja nzuri. Binadamu ana aina tatu za seli za kutambua rangi machoni. Simba, tembo, swala na punda milia wana mbili. Wanatofautisha bluu na njano vizuri, ila nyekundu na kijani kwao vinafanana, ni kama rangi iliyofifia ya kahawia. Kwa hiyo shuka jekundu halimuwakii simba kama linavyotuwakia sisi. Bluu ndiyo wanayoiona safi, na tayari tuna sababu nyingine ya kuikimbia. Nyani na tumbili ni tofauti, wanaona rangi kama sisi, na ndege wanatuzidi.

Simba kumkwepa Mmasai ni kwa sababu amejifunza mtu yule ni nani, si kwa sababu ya rangi tu. Kwa kutembea kwa miguu mwongozaji akisema usivae nyekundu, msikilize, ndiye anayewajibika. Ndani ya gari, shuka jekundu la kujifunika baridi halina tatizo lolote. Na kwa uzito wake ni blanketi zuri kuliko majaketi mengi.

Ndorobo Hanikosi

Wa kutembea kwa miguu na wa msituni wana mambo yao ambayo wa kwenye gari hawana.

Upupu. Vinyweleo vyake vikikugusa ngozi utajikuna mpaka usahau ulikuja kuangalia nini. Suruali ndefu na mikono mirefu hata kama jua linawaka. Ukiguswa, usifute kwa mkono wala kitambaa, bandika utepe wa gundi uvibandue.

Siafu na kupe. Ingiza suruali ndani ya soksi. Ndiyo, utaonekana kituko. Siafu wakipanda ndani ya suruali utavua mbele za watu na kituko kitakuwa kikubwa zaidi. Suruali ya rangi hafifu inasaidia kuwaona kupe kabla hawajafika kiunoni.

Bwindi na milima ya Virunga kwa masokwe: ongeza glovu ngumu za bustani, maana utashika mimea inayowasha unapopanda, na kifuniko cha mguu, kutoka kwenye kiatu hadi chini ya goti, cha kuzuia matope. Jaketi la mvua ni la lazima hata kiangazi. Mahale kwa sokwe mtu barakoa inahitajika mnapokuwa karibu nao, magonjwa yetu ya kifua yanawaua.

Kutia permethrini kwenye nguo: tumia ile ya nguo ya asilimia 0.5, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tandika nguo nje, nyunyiza pande zote kutoka umbali wa sentimita 15 hivi mpaka ilowe kidogo, zaidi kwenye kola, pindo na vifundo vya mikono. Tundika kivulini kwa muda wa saa mbili hadi nne ikauke kabisa ndipo uivae. Hudumu wiki sita au mpaka nguo ifuliwe mara sita. Si ya kupaka ngozini. Mweke paka mbali mpaka nguo ikauke, inamuua, na usimwage maji yake mahali penye samaki. Msichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe mkaizimua, ile ina viambato vingine visivyofaa kukaa mwilini mwa mtu siku nzima.

Wanaopaka DEET, ile dawa ya kufukuza mbu, wajue inayeyusha plastiki: fremu za miwani, mikanda ya saa, makava ya simu, na nguo zenye spandeksi au rayoni. Pamba, sufu na nailoni hazidhuriki.

Kapelo

Sasa nguo ngapi kwa siku sita? Na tunaruka kwa ndege ndogo kwenda Serengeti.

Sindano na Uzi

Ndege ndogo ndizo zinazoamua. Kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa mtu pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini, la kitambaa, lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni ndogo na yenye umbo la ajabu. Sanduku gumu huachwa uwanjani.

Siku sita, kambi inayofua: mashati matatu ya mikono mirefu, fulana tatu, suruali mbili, kaptula moja ya kambini, sweta moja, jaketi moja, soksi jozi nne, chupi sita, nguo moja ya kulalia, nguo moja safi ya jioni. Hii yote haifiki kilo saba. Buti, sweta na jaketi panda nazo mwilini. Masika, Machi mpaka Mei, badilisha jaketi la upepo kwa la mvua, na ongeza raba ya pili kwa sababu ya kwanza haitakauka.

Chupi zifue mwenyewe, kambi nyingi hazipokei, na ndiyo maana unakuta sabuni ya unga bafuni. Nguo zinazoanikwa nje zipigwe pasi, zaidi kwenye mishono na kiunoni. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, buu likianguliwa linaingia chini ya ngozi. Joto la pasi linaua mayai, jua peke yake si la kuaminika. Huna pasi? Anika ndani ya hema lenye wavu, au iache nguo iliyokauka wiki mbili bila kuivaa.

Nguo chafu ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017.

Kapelo

Jinzi nimeirudisha kabatini. Lakini hiyo "nguo moja safi ya jioni" ni suti?

Bi Mitandio

Suti ya nini, mdogo wangu? Shati lisilo na vumbi na suruali ndefu. Mbu wa jioni wanataka vifundo vya miguu.